Kwa Nini Kichwa cha Ming'oko Hurudishwa Ardhini

Juzi mgeni mmoja kutoka mjini alinifuata porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini tunayopika na kula. Aliniona nikiitoa mizizi, kisha nikikata kichwa, yaani kile kipande kigumu ambako mmea huchipukia, na kukirudisha shimoni. Nikafukia, nikashindilia kwa unyayo. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama hilo ni tambiko. Nikacheka. Lakini niliporudi nyumbani nikafikiri, hata nyinyi wajukuu zangu mnafanya hivyo kwa sababu mmetuona sisi tukifanya, na hakuna aliyewahi kuwaeleza lilianzaje. Basi sikilizeni.

Zamani, kabla mihogo haijafika huku juu Umakondeni, watu walikula mtama na kunde. Kiangazi, chakula kilipopungua, waliingia porini kuchimba ming'oko. Ilikuwa mingi mno. Mwanamke aliweza kubandika chungu cha maji motoni, akaenda nyuma ya nyumba kuchimba, akarudi maji hayajachemka. Na kwa kuwa ilikuwa mingi, watu waliichimba ovyo. Waling'oa kila kitu, wakatupa vichwa pembeni vikauke juani, wakaacha shimo wazi na kwenda zao. Palipokwisha hapa, walisogea pale. Wala hawakuwa watu wabaya. Pori lilikuwa kubwa, nani angedhani lina mwisho?

Katika kijiji chetu hiki aliishi mjane aitwaye Nalingwe, pamoja na mama yake, Bibi Nakumba, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mkuu wa kijiji alikuwa Likokola, kaka yake Bibi Nakumba, kwa hiyo alikuwa mjomba wa Nalingwe.

Ukaja mwaka ambao mvua haikutosha. Mtama ulifika magotini ukakauka. Kijiji kizima kikahamia porini na vijiti vya kuchimbia, wakachimba asubuhi hadi jioni, mpaka pori likawa na mashimo kila mahali. Siku moja Bibi Nakumba alikuwa akishuka bondeni kuchota maji, maana huku juu hatuna chemchemi, akakanyaga patupu. Mguu ukaingia shimoni, mwili ukaenda mbele. Walimkuta ameketi hapo hapo, ameushika mguu, hawezi hata kulia. Mfupa uliunga baadaye, lakini uliunga vibaya. Hakutembea tena.

Nalingwe alikasirika, ila hakuwa na mtu wa kumkasirikia, kwa kuwa kila mtu alikuwa amechimba, naye pia. Basi akaanza kufukia mashimo ya kandokando ya njia ya maji. Kila alipotoka kuchota, alitua mtungi akafukia. Udongo ulikuwa umepeperuka na hautoshi, hivyo alikokota chochote kilichokuwa karibu: majani makavu, vijiti, na vile vichwa vya ming'oko vilivyotupwa. Akavitia vyote, akafunika kwa udongo, akakanyagakanyaga.

Jirani yake, Chilumba, alimkuta akifanya hivyo.

"Nalingwe, unamzika nani huko?"

"Nafukia shimo lako, dada. Hili nilikuona ukilichimba mwenyewe."

Chilumba akacheka, lakini alipofika mbele kidogo aligeuka kumtazama, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mvua zilizofuata zilikuwa za manyunyu. Mtama ulishindwa tena. Porini watu walichimba hata mizizi isiyoliwa, wakaumwa matumbo. Ndipo Likokola akawakusanya akasema watashuka kwenda Ruvuma, kwa ndugu waliokuwa wakilima kando ya mto. Kisha akaja nyumbani kwa Nalingwe. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mpwa wangu, wanaume hawana nguvu za kumbeba mtu," alisema.

"Najua, mjomba."

"Ni dada yangu. Tumenyonya titi moja. Unadhani napenda?"

"Sijasema unapenda. Tangulieni. Mimi nitabaki na mama."

Likokola akaondoka. Ndani, Bibi Nakumba alikuwa amesikia yote. Alimwambia binti yake, "Nenda nao, mwanangu. Mimi nimekwisha kula miaka yangu." Nalingwe alifunga kanga kiunoni. Alichukua mtungi akaenda bondeni.

Alipokuwa akipanda kurudi, njaa ilimshinda. Alikaa kando ya njia. Alipotaka kuinuka alishika kitu cha kujivutia, akaona ameshika mmea mkavu uliojisokota kwenye kichaka. Alikuwa ameupita mara nyingi. Safari hii aliufuata kwa mkono mpaka ulipoingia ardhini, na ulikuwa umeingia katikati ya shimo alilolifukia yeye. Akachimba kwa vidole. Udongo ulikuwa laini. Akagusa mng'oko mmoja, na chini yake mwingine, na mwingine. Akakimbilia shimo la pili. Kadhalika. Akaenda kwenye mashimo ambayo hakuwahi kuyafukia. Humo hamkuwa na kitu ila vumbi na buibui.

Nalingwe alikaa chini akalia, kisha akacheka, kisha wazo jingine likamjia. Akinyamaza, wenzake wataondoka, na chakula hiki kitawatosha yeye na mama yake hadi mvua. Akisema, kijiji kizima kitamiminika hapa na kung'oa kila kitu kama zamani, na wote watakuwa na njaa tena. Alikaa na wazo hilo kwa muda. Kwa mbali alisikia watu wakiitana, wakifunga mizigo. Akaifunga ming'oko katika nguo yake, akapanda.

Alikwenda moja kwa moja uwanjani, akaimwaga miguuni pa mjomba wake. Watu walisogea. Hakuna aliyethubutu kugusa.

"Umeipata wapi?" Likokola aliuliza.

"Kwenye mashimo ya njia ya maji."

"Mashimo yale tuliyamaliza!"

"Tuliyamaliza, mjomba. Lakini niliyafukia pamoja na vichwa, na vichwa vimeota. Palipoachwa wazi hakuna kitu. Nitawaonyesha. Ila atakayechimba atarudisha kichwa na kufukia, mimi nikimwona. Asiyekubali, njia ya Ruvuma ile pale."

Chilumba, ambaye mtoto wake mdogo alikuwa amelala begani bila nguvu, aliuliza, "Na mwakani itatoka tena kweli?"

"Sijui, dada. Nilichokiona ni cha mwaka huu. Njoo ukione na wewe."

Wakashuka wote. Likokola alichimba wa kwanza. Alipotoa mizizi, alikishika kile kichwa kiganjani, akakitazama kama mtu anayeona kitu kwa mara ya kwanza, akakilaza shimoni na kukifukia taratibu. Chilumba akafuata. Baada yake hakuna aliyehitaji kuamrishwa.

Walipika uwanjani, katikati ya mizigo iliyofungwa. Harufu ya ming'oko ilipoanza kupanda, watoto wakaamka. Mtoto wa Chilumba alimenya wake mwenyewe, ukamwunguza vidole, akalia kwa nguvu, na mama yake akafurahi kusikia kilio chenye nguvu kiasi hicho.

Likokola alichukua bakuli akaenda nalo kwa dada yake. Safari hii aliingia ndani.

"Nasikia vishindo huko nje," Bibi Nakumba alisema. "Ndiyo mnaondoka?"

"Tunafungua mizigo. Hatuendi popote, dada."

Likokola alimwona dada yake akishusha mabega, kama mtu anayetua mtungi baada ya kupanda mlima. Kisha akapapasa, akapata bakuli, akaonja.

"Haina chumvi," alisema. "Mmekaa na njaa mpaka mmesahau kupika?"

Likokola akaangua kicheko, machozi yakimtoka, akaenda kutafuta chumvi.

Mwaka uliofuata ming'oko ilitoka tena pale pale, na mizizi ilikuwa minene zaidi. Mtama nao ukarudi, lakini hakuna aliyeiacha desturi. Na tangu wakati ule, mtu wa huku akichimba ming'oko hukirudisha kichwa ardhini na kufukia shimo lake, hata kama yuko peke yake na hakuna wa kumwona. Miaka mibaya bado huja. Mvua hukawia, mtama hukauka, na sisi hulalamika sana. Lakini hushika vijiti vyetu tukaenda kuchimba, na hakuna mwaka ambao watu wa kijiji hiki wamefunga tena mizigo.