Jina la Kivuko Kipya

Sogeeni, na aliyesinzia aamshwe, kwa sababu kisa hiki hakina hakimu, na mimi nimekijaribu peke yangu nikashindwa.

Katika mji wa Shangamu, treni, mabasi na vivuko vilikuwa chini ya shirika moja. Kadi ileile iliyokufungulia geti la treni ilikupandisha basi, kisha ikakuvusha maji hadi Ng'ambo. Na ndani ya shirika hilo walikuwamo watu watatu waliojaliwa vipaji.

Machano, msimamizi wa stesheni ya Mlimani, akishakuona uso na mwendo wako mara moja, hakusahau tena. Mwatabu, dereva wa basi la kwenda gatini, alitazama barabara mbele, lakini hakuna aliyejikuna kwenye kiti cha nyuma asimwone kwenye kioo chake. Na Kibwana, baharia aliyepokea abiria kwenye mlango wa kivuko, alijua kuuliza swali dogo ambalo mwongo hakujiandaa kulijibu.

Pembeni yao alikuwepo Tunu, fundi wa kushona, ambaye hakujaliwa kipaji bali shaka. Mumewe aliondoka na cherehani yake akisema anaipeleka kutengenezwa, na hakurudi yeye wala cherehani. Tangu hapo Tunu aliketi mgongo ukiwa ukutani, mkoba aliukumbatia kifuani, na mkono wa binti yake Mwanahawa, wa miaka mitano, hakuuachia mahali penye watu.

Aliuachia mara moja tu, na mara hiyo ndiyo tunayoizungumza.

Ilikuwa asubuhi, stesheni ya Mlimani imefurika. Treni ikafunga breki, milango ikafunguka, watu wakasukumana. Tunu akahisi mkoba unavutwa kwa nyuma. Akageuka, akaushika kwa mikono miwili, tayari kumng'ata mwizi. Hapakuwa na mwizi. Ilikuwa ni mpini wa mwavuli wa mzee mmoja uliokuwa umenasa kwenye mkanda. Alipogeuka tena, umati ulikuwa umemzoa Mwanahawa na kumtia ndani, na milango imefungwa.

Kwenye kioo cha mlango akaona mwanamke aliyevaa gauni la zambarau akiinama, akitabasamu, akimshika mtoto mkono. Treni ikaondoka.

"Simamisha treni!" Tunu alimrukia Machano. "Mwanangu yumo! Kuna mwanamke amemshika!"

Machano alikuwa na simu ya upepo kifuani, lakini hakuigusa. Alikodoa macho kwenye behewa hadi likapotea, kisha akayafumba.

"Unalala? Mwanangu anaibiwa nawe unalala?" Tunu alimvuta shati, vifungo vikaruka.

"Dada yangu, nikiisimamisha sasa itasimama darajani. Milango itafunguliwa, atashuka naye vichakani, na hapo hatutampata. Niache nimkumbuke yule mtu." Ndipo akainua simu. "Amevaa gauni la zambarau, lakini msiangalie nguo, nguo atabadili. Mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Kidole gumba cha mkono wa kulia hakina ukucha. Wiki nzima nimemwona akipanda na kushuka, hana mzigo wala haraka."

Tunu alilisikia neno moja tu katika hayo yote. Wiki nzima? Kama alimwona wiki nzima, mbona alinyamaza? Alipanda treni iliyofuata huku akimtazama Machano kupitia dirishani, na moyoni alisema: huyu yumo.

Kwenye stesheni ya mwisho, askari waliambiwa mguu na kidole, wao wakatafuta zambarau. Umati ukamiminika, mwanamke akapita mbele yao amevaa baibui jeusi, ameshika mkono wa mtoto mwenye kofia ya kiume na shati linalofika magotini. Wakapanda basi la gatini.

Dereva alikuwa Mwatabu. Kabla basi halijafika kwenye kona ya pili, aliuona kwenye kioo mkono umeshika bomba, na kidole gumba hakina ukucha. Aliona pia kwamba basi likiyumba, yule mtoto hakumwegemea mama yake. Aliliegemea dirisha.

Angeweza kusimama na kupiga kelele. Lakini basi limejaa, mtoto amebanwa kifuani, na nani ajuaye mwanamke yule ana nini ndani ya baibui? Mwatabu akawanong'onezea watu wa gatini kwenye simu ya upepo, kisha akaanza kulikokota basi. Taa za kijani alizisubiri zigeuke nyekundu. Waendesha baiskeli walimpita.

"We dereva, umebeba mayai?" abiria walimpigia kelele.

"Breki zinanisumbua, jamani. Mnataka kufika au mnataka kufa?"

Basi la nyuma yake ndimo alimokuwa Tunu, ambaye kwenye stesheni ya mwisho aliambiwa mtoto anaelekea gatini. Aliliona la mbele likijivuta katikati ya barabara, limewaziba wote.

"Yule ana nini?" alimuuliza dereva wake.

"Mwatabu? Hata mimi namshangaa. Hajawahi kwenda hivi."

Tunu hakuhitaji zaidi. Wamepangana, alijiambia. Huyu anatuzuia sisi ili mwenzao avuke.

Kumbe kivuko ambacho mwanamke alitarajia kukiwahi kilikuwa kimeshang'oa nanga, basi likiwa bado njiani kwa mwendo uleule. Lakini Mwatabu alipofika gatini alikataa kufungua milango kabla askari hawajafika. Abiria walighadhibika, wakaipiga ngumi, kioo kimoja kikapasuka na mzee mmoja akaanza kukosa hewa. Mwatabu akafungua. Mwanamke akateremka na mtoto, akajichanganya kwenye foleni ya kivuko kinachofuata.

Kibwana alikuwa ameshapata habari, ila habari ilikuwa ya mguu na kidole tu, na haikumsaidia. Kwenye foleni ile kila mtu aliburuta mguu. Na tangu ateremke basini mwanamke alikuwa amejifunika uso na kuvaa glavu, kama walivyokuwa wengine wawili watatu pale. Nani atawavua wake za watu glavu hadharani?

Akaja mama wa kwanza na mtoto. Kibwana akamwambia, "Leo watoto wanakaa mbele na mabaharia, wazazi nyuma. Utaniachia huyu?"

"Umerogwa? Nikuachie wewe mwanangu?"

"Pita, mama."

Akaja mama wa pili, naye akaulizwa hivyohivyo. Alimpandisha mtoto mgongoni na kumkazia kanga.

Wa tatu alikuwa mwenye baibui na mtoto wa kofia. Kibwana hakumaliza hata maneno yake. Mwanamke alikuwa ameshaona askari wawili wakiteremka ngazi za gati. Aliuachia ule mkono kama mtu anayetua kaa la moto, akaingia kivukoni bila kugeuka nyuma. Kibwana akamshika mtoto, akafunga mnyororo wa mlango, akampungia nahodha asiondoke.

Na hapo ndipo Tunu alipofika mbio, jasho linamtoka. Aliona nini? Aliona mwanamume asiyemjua amemshika binti yake aliyevalishwa nguo za kiume, anafunga mnyororo.

"Huyu hapa!" alipiga ukelele. "Mwizi wa watoto!"

Mnajua maneno hayo yanavyofanya kazi kwenye umati. Hakuna aliyeuliza. Waliokuwa na mikono walipiga kwa mikono, waliokuwa na mabegi walipiga kwa mabegi, na mtu mmoja alipiga kwa chuma. Kibwana hakujitetea. Alimsukuma mtoto chini ya ngazi, nje ya miguu ya watu, kisha akajikunja.

"Mama, si huyu!" Mwanahawa alilia hadi sauti ikakatika. "Si huyu, mama! Yule yuko ndani!"

Askari walimkuta mwanamke nyuma ya magari, akijaribu kuvua baibui. Nyumbani kwa mwanamke huyo akakutwa mtoto mwingine, aliyekuwa akitafutwa na wazazi wake, akarudishwa kwao. Mwanahawa hakuwa na hata mchubuko. Kibwana alipelekwa hospitali, akatoka na mkono uliofungwa plasta, na jicho la kushoto halikuona tena.

Baada ya muda shirika likaleta kivuko kipya. Mkurugenzi akamwita Tunu, akamwambia, "Kitabeba jina la mtu aliyemwokoa mwanao. Ubavu wa chombo ni kwa jina moja tu, na utakalolitaja wewe ndilo litakaloandikwa."

Tunu akawaalika wote watatu nyumbani kwake. Wakaja, wakanywa chai, wakatazamana kwa pembe ya jicho, maana watu wa treni, wa basi na wa majini hawakuwahi kuaminiana hata baada ya kuunganishwa.

"Mimi siombi kitu," Machano alisema, "lakini bila ile alama ya kidole, hawa wangemtafuta nani?"

"Wiki nzima ulimwona ukanyamaza," Tunu alimwambia.

"Ningemkamata kwa kosa gani, dada? La kupanda treni?"

Mwatabu akaweka kikombe chini. "Mimi nisingelikokota lile basi, mtoto angekuwa ameshavuka, na alama zako Machano ungezibandika ukutani."

"Lakini milango uliifungua," alisema Tunu.

"Niliifungua. Mzee alikuwa anakata roho mbele yangu. Ungekuwa wewe usingefungua?"

Kibwana alikuwa akikoroga chai yake. Tunu akamgeukia, na kumtazama hakukuwa rahisi.

"Na wewe ulimtega. Kama yule mwanamke angeng'ang'ania mkono, ungempitisha naye kama ulivyowapitisha akina mama wale wawili?"

Kibwana akafikiri. "Ningempitisha," alisema. "Sina uongo. Swali langu lilikuwa moja tu."

Baada ya hapo akaomba radhi, akasema jua la saa zile linamuumiza jicho lililobaki, akatangulia kuondoka. Tunu akamtoa hadi mlangoni, na Machano na Mwatabu wakamsindikiza Tunu kwa macho, kila mmoja akitaka kujua anawaza nini.

Alikuwa akiwaza hivi. Akiandika Kibwana, watu watasema amemlipa jicho, wala si kazi aliyoifanya, na huenda Kibwana mwenyewe akaamini hivyo kila akikiona chombo. Asipoandika Kibwana, amemnyima mtu ambaye yeye mwenyewe alimtupa kwenye ngumi za watu. Akiandika Machano, anaiheshimu kumbukumbu iliyonyamaza wiki nzima. Akiandika Mwatabu, anauheshimu mkono uliochelewesha na ndio mkono uleule uliofungua. Na mmoja wao asingekuwepo, Mwanahawa asingekuwepo.

Usiku huo mtoto alimuuliza, "Mama, wale ni watu wazuri?"

Tunu alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu cherehani ipotee hakujua amwambie nani ni wa kushukiwa.

Mpaka leo hajalitaja jina. Kivuko kipo gatini, ubavu wake mweupe, na fundi rangi amekaa kwenye ngazi yake anasubiri neno. Nami nawageukia ninyi mlionisikiliza, wakubwa kwa wadogo. Msiniambie yote matatu, ubavu ni wa jina moja. Brashi ingekuwa mkononi mwako, ungeandika nani? Na wale wawili waliobaki, ungewaambia nini?