Mkate wa Kwanza wa Tizirut

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kilikuwepo kijiji cha Tizirut, kimekaa juu ya kilima kama kofia, na Bahari ya Kati chini yake. Kijiji kizima kilioka mikate katika tanuri moja. Mwenye tanuri akifa, watu huoka mkate, na atakayeumega ndiye mwenye tanuri mpaka naye afe. Neno lake ndilo la kijiji.

Basi mwenye tanuri akafa, na kabla hajapatikana mwingine watu wakaanza kushuka. Wa kwanza Mokrane. Akavuka bahari, akaita wenzake, nao wakaita wenzao. Uardia akahamia bandarini, gudulia la chachu ya kijiji kwapani. Akabaki Tasadit na mbuzi wake. Kila sikukuu aliliwasha tanuri tupu, lisije likaliwa na unyevu likabomoka.

Miaka ikaenda. Mokrane akarudi na mvi zake, akafyeka miiba kwenye matuta, akapanda ngano, akawaalika wote kwa mavuno. Wakaja, na watoto wasioijua njia. Uardia akaja na gudulia lake. Wakakanda, wakaoka, harufu ikashuka mpaka barabarani.

Tasadit akautoa mkate wa kwanza, akauweka juu ya jiwe. Moyo wake ulikuwa mweupe; kelele tamu kama zile hakuzisikia tangu usichana. Lakini mkono hakuuondoa. Tanuri lile ndilo lililomlea uzeeni.

"Sogeza mkono, dada," akasema Uardia. "Bila chachu yangu ungetoa tofali. Nimeilisha unga hata siku nilizolala njaa. Wewe uliachiwa yako. Iko wapi?"

"Ilikufa mwaka nilioumwa. Hakuna aliyebisha hodi. Wewe hukuja hata kumzika mama yako. Gudulia lilikuwa zito?"

Mokrane akacheka. "Mnagombea moto na chachu. Ngano ya nani? Na watu hawa wameitwa na nani?"

"Na yule aliyewaita waondoke," akajibu Tasadit. "Umevunja nyumba, umeleta matofali, sasa unataka shukrani."

"Lakini nimeyaleta, bibi wee."

Watu wakacheka, na Tasadit naye akacheka, mkono uko palepale. Watoto wakameza mate.

Haya, mnaosikiliza. Msiniambie wagawane, hilo jibu la mwoga, na desturi inataka mkono mmoja. Mkate unapoa. Je, nani alistahili kuumega?