Kuku Arubaini Nyuma ya Pazia

Wamesimulia wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja kando ya mto Furati aliishi mpika sabuni aitwaye Shuraihi bin Wahbi. Alikuwa mtu wa swala na saumu, ila moyo wake ulikuwa mwepesi wa hofu. Siku moja alisikia sokoni kwamba fedha ya mfalme imechanganywa na madini ya risasi, na kwamba si muda wauza ngano wataikataa. Akarudi nyumbani mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Ewe Rabab," alimwambia mkewe, "dunia inaanguka! Kila dirhamu tuliyo nayo tuigeuze chakula."

Rabab, mwanamke mcha Mungu na mwenye subira, akasema, "Kuweka akiba ni jambo jema, mume wangu. Weka, ila kwa kiasi."

Kiasi hakikuonekana. Mwezi mzima ziliingia ngano, dengu, tende, mitungi ya mafuta na siki, na mawe ya chumvi makubwa kama ndama aliyelala. Mwisho wakaingia kuku arubaini, wakapewa chumba cha kulala, pazia likashushwa. Mume na mke wakawa wanalala wameketi, wameegemea magunia, na Shuraihi kila akisujudu hugonga kichwa kwenye mtungi wa siki. Hata ndani ya swala aliwaza panya.

Kisha likamjia wazo jingine: watu wakijua, watakuja kuomba. Basi akavaa kanzu yenye viraka, akajizoeza kutembea kama mtu asiyekula, na kila aliyemjulia hali alimshushia pumzi ndefu asiseme neno.

"Sijasema uongo," alijitetea kwa mkewe. "Nimepumua tu."

Ikawa kama alivyosikia. Fedha ikakataliwa, maduka yakafungwa, watu wakaanza kuchemsha majani ya porini. Majirani, kwa kumwonea huruma Shuraihi, wakamtia katika masikini wa mtaa. Huyu akamletea uji wa shayiri, yule akamletea supu. Akipokea, moyo unamchoma. Akikataa, siri inafichuka. Akawa anapokea.

Rabab hakugusa hata tonge la sadaka ile. "Kula wewe," alimwambia, "uliyeomba kwa pumzi zako."

Asubuhi moja, Rabab akiwa ameenda kuteka maji, alibisha hodi Bi Ghazala, mjane aliyekuwa akilea wajukuu watatu mayatima. Alimkabidhi Shuraihi nusu mkate, ungali na joto.

"Pokea, ndugu yangu. Sisi tulikula jana. Leo ni zamu yenu."

Kabla Shuraihi hajapata la kujibu, kuku mmoja nyuma ya pazia alitaga yai, akalitangaza kwa sauti. Wenzake thelathini na tisa wakampokea.

"Subhanallah! Nini hiyo?"

"Mke wangu," akasema Shuraihi. "Ana kikohozi."

Bi Ghazala, kwa usafi wa roho yake, akainua mikono kumwombea mgonjwa shifaa. Alipofika katikati ya dua, Rabab akaingia na mtungi kichwani, mzima wa afya, akaitikia, "Amin. Tunamwombea nani?"

"Tunakuombea wewe," akasema mjane, amepigwa na butwaa. "Kwa kikohozi chako."

Rabab akautua mtungi taratibu. Angeweza kusema yote, lakini alijizuia. "Mume wangu atakwambia ni nani anayekohoa," akasema.

Shuraihi aliutazama ule mkate, akawakumbuka wale watoto watatu ambao zamu yao ilikuwa jana. "Ni kuku, Bi Ghazala," akasema. "Wako arubaini. Na nyuma ya kuku kuna ngano, na nyuma ya ngano kuna tende, na mbele yako yuko mwongo."

Mjane akauchukua mkate wake kutoka mkononi mwa Shuraihi. "Na lile bakuli nililokuletea Jumatatu pia," akasema, "nalitaka."

"Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, naye aliweka akiba," akasema Rabab. "Ila aliwawekea watu, hakuwafichia."

Siku ile Shuraihi alipita mlango kwa mlango akikiri na kurudisha mabakuli, kila moja limejaa. Walimcheka hadi akatamani ardhi immeze, na kwa miaka mingi mayai katika mtaa ule yaliitwa "kikohozi cha Rabab". Lakini magunia yalifunguliwa, mwenye jiwe la kusagia alisaga, mwenye tanuri alioka, na wote wakala. Magunia yalikwisha majuma mawili kabla ya dhiki kwisha, na kwa majuma hayo mawili Shuraihi alilishwa na majirani, safari hii kwa haki.

Basi, ndugu zangu, kujiandaa kwa siku ngumu si upungufu wa imani, kwa kuwa aliyetupa akili ametaka tuitumie. Ila tunapojaza ghala tujiulize, tulipokadiria walaji tuliwakumbuka kina nani? Mola atujaalie riziki ya halali, na ujasiri wa kuitaja mbele za watu.