Bi Digidigi na Kura ya Mlolongo

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu waliokula, au ya wagonjwa? Nasema paukwa!

Pakawa!

Haya, afadhali. Na nyie wakubwa mlioegemea ukuta mkijifanya hamsikilizi, sogeeni. Hii inawahusu nyie kuliko hawa watoto.

Hapo zamani za kale, kura zilipokuwa zikipigwa kwa miguu, palikuwa na mbuga. Katikati ya mbuga palikuwa na mwamba wa magadi. Kiangazi kikifika, majani yakikauka, kila mla majani alikwenda kulamba magadi pale. Usipolamba, miguu inalegea. Mtoto asipolamba, hafiki masika. Kwa hiyo kila mwenye mtoto alimpeleka, atake asitake.

Hao wala majani walikuwa na chama chao. Chama kilisimamisha mtu mmoja kuwa Mkuu wa Magadi, na aliyepita mchujo wa chama alikuwa ameshapata, maana hapakuwa na chama kingine cha kushindana nacho. Mwaka huo wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza Mheshimiwa Nyati, ambaye ndiye aliyekuwa madarakani. Wa pili Kuro, yule mwenye manyoya marefu na pembe zilizopinda kuelekea mbele, mpole, asiyejua kupiga domo.

Sasa Nyati alikuwa na jambo lake. Kiangazi kilichopita aliwaleta fisi penye magadi. Akasema hawa ni askari wa kulinda foleni. Haya, askari wakalinda. Wakalinda, wakalinda, wakalinda. Kiangazi kilipokwisha, watoto watatu hawakuonekana.

Wazazi wakaenda kuuliza. Nyati akawaambia, "Wamepotea. Watoto wa siku hizi hawasikii." Na fisi, huku wakijilamba midomo, wakasema poleni sana.

Mtoto mmoja kati ya wale watatu alikuwa wa Bi Digidigi.

Digidigi mnamjua? Kanyama kadogo, miguu kama njiti za kiberiti, pua ndefu inachezacheza muda wote. Na mwoga! Jani likidondoka, ameruka. Kivuli kikipita, yuko kichakani, moyo unampiga du-du-du-du. Wala msimcheke. Kwa mwili ule, woga ndio uliomfikisha alipofika.

Huyo ndiye aliyekuwa katibu wa tawi. Walimpa cheo hicho kwa sababu kina kazi nyingi na hakuna aliyekitaka.

Basi Nyati akatangaza hadharani: nikipita mchujo, fisi wataajiriwa moja kwa moja. Foleni yote, kiangazi chote. Watu wakapiga makofi. Bi Digidigi naye akapiga, maana fisi walikuwa wanatazama nani hapigi. Lakini nyumbani alikuwa amebakiwa na binti mmoja, Sikudhani, na kiangazi kilichokuwa kinakuja ndicho kingekuwa cha kwanza cha Sikudhani kusimama kwenye foleni ile.

Akaenda kwa Kuro.

"Ndugu mgombea," akamwambia, "wewe ukipita, fisi utawafanya nini?"

"Nitawaondoa," Kuro akajibu. "Lakini nitapitaje, katibu? Sina nyasi za kugawa. Sina askari."

"Nitakwenda nyumba kwa nyumba."

"Wewe?"

"Mimi." Na pua yake ilikuwa inatetemeka alipokuwa akisema hivyo.

Akaanza. Alikwenda saa sita mchana, jua la utosi, fisi wakiwa wamelala. Akapita pembeni pembeni, kichaka hadi kichaka, ti-ti-ti, ti-ti-ti, akisimama kila hatua kumi kusikiliza. Akafika kwa Mama Pundamilia, ambaye naye alikuwa amepoteza mtoto kiangazi kile.

"Hodi."

"Karibu, katibu. Ingia upesi, usionekane."

Bi Digidigi akamweleza. Mama Pundamilia akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tuko pamoja. Nitasimama kwa Kuro. Lakini niapie hutamwambia mtu."

"Naapa."

"Na wengine wanasemaje?"

"Siwezi kusema, mama. Nimeapa."

Akaenda kwa Ngiri. Hodi, karibu, ingia upesi usionekane. "Tuko pamoja, katibu. Lakini niapie hutamwambia mtu." "Naapa." "Na wengine wanasemaje?" "Siwezi kusema, nimeapa."

Akaenda kwa Twiga. Hodi, karibu, ingia upesi usionekane. Twiga ataingia wapi na shingo ile? Akainama tu. "Tuko pamoja, lakini usimwambie mtu."

Nyumba moja, nyumba kumi, nyumba ishirini. Akamaliza nyumba arobaini. Ahadi arobaini na viapo arobaini, vyote amevibeba kifuani peke yake. Akawa anajisemea, tutashinda. Akilala anahesabu, akiamka anahesabu. Alikuwa na hofu, ndiyo, lakini safari hii hofu ilikuwa na matumaini ndani yake.

Huku nako Nyati hakukaa bure. Alipita na ndugu zake watano, akigawa mafungu ya nyasi mbichi, fisi nyuma wakiimba. Kila mtu alipokea nyasi. Mtu mwenye njaa ataletewa nyasi mlangoni azikatae? Walipokea, wakashukuru, wakala.

Siku moja kabla ya mchujo, alasiri, Bi Digidigi alikuwa kichakani kwake akimsafisha Sikudhani masikio. Akasikia harufu kabla ya kusikia hatua.

"Hodi hapa," ikasema sauti.

Alikuwa Fisi mkubwa, mkuu wa askari. Amesimama hapo hapo mlangoni, kichwa ameinamisha, anatabasamu.

"Karibu, bwana," Bi Digidigi akasema. Angesema nini kingine?

"Sikai. Nasikia siku hizi unatembea sana, katibu."

"Natembelea wagonjwa."

"Vizuri. Wagonjwa ni wengi?"

"Si wengi."

"Basi tunashukuru." Fisi akamtazama Sikudhani taratibu, kuanzia kwato mpaka masikioni. "Huyu hajambo?"

"Hajambo."

"Amenenepa. Tutamwona penye magadi, Mungu akipenda."

Akaondoka, akaenda zake, khwe-khwe-khwe. Bi Digidigi alibaki ameganda pale pale. Hakuweza hata kumwambia mtoto asogee ndani.

Kulipopambazuka siku ya mchujo, wanachama wakakusanyika uwanjani. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Mbuni, bibi mmoja wa taratibu, ukikosea mstari anakudonoa. Akapanda juu ya kichuguu, akasema, "Kura ni ya mlolongo. Nyati atasimama huku, Kuro kule, kila mmoja akiutazama mlolongo wake. Kila mwanachama ajipange nyuma ya anayemtaka. Nyuso mbele. Hakuna kugeuka, hakuna kupiga soga. Mkishatulia nitapita nikihesabu kwa mdomo wangu. Nikishaanza kuhesabu hakuna kuhama. Wageni wakae pembeni."

Wageni hao walikuwa fisi. Nyati aliwaalika waje kuangalia uchaguzi. Walikuwa tisa, wamekaa mkao wa kula kando ya Nyati, wanamtazama kila anayepita.

"Jipangeni," Mbuni akasema.

Bi Digidigi hakungoja. Aliogopa kwamba akingoja hatakwenda. Akatoka mbio, ti-ti-ti-ti, akavuka uwanja mtupu, akasimama nyuma ya Kuro. Mtu wa kwanza. Vumbi la miguu lilipotulia, akageuka haraka kutazama wenzake, kabla Mbuni hajamwona.

Hakumwona mtu.

Wote walikuwa kule. Ngiri kule. Twiga kule. Mama Pundamilia, mkiani kabisa mwa mlolongo, kule. Mlolongo wa Nyati ulikwenda, ukakata kona, ukakwenda tena. Zile nyumba arobaini zilizomwambia tuko pamoja zilikuwa zimempa mgongo.

"Nyuso mbele," Mbuni akafoka. Bi Digidigi akageuza uso.

Mbele yake alikuwa Kuro peke yake. Kuro akamnong'oneza, "Katibu, rudi kule. Bado hajaanza kuhesabu. Rudi, una mtoto."

Alitaka kurudi. Nawaambieni ukweli, alitaka. Aliwaza, nikirudi sasa nitaishi. Halafu akawaza foleni ya magadi, Sikudhani akisogea hatua moja, hatua moja, na yule bwana amekaa pembeni akimtazama. Hakurudi.

Ndipo akasikia hatua nyuma yake. Nzito, za kuvuta. Na ile harufu.

"Katibu," Fisi mkubwa akasema karibu na sikio lake, "umesimama peke yako. Ngoja nikusindikize."

Akasimama nyuma yake. Bi Digidigi alisikia pumzi mgongoni, haa, haa, haa, ya moto na yenye unyevu. Hakugeuka. Huku kugeuka kumekatazwa, huku hana ujasiri wa kugeuka. Alikaza macho kwenye manyoya ya Kuro, na moyo ulikuwa du-du-du-du, hata akadhani Mbuni anausikia kule kwenye kichuguu.

Zikaja hatua nyingine. Akajua, huyo ni fisi wa pili.

"Sogea," sauti ikanong'ona. "Hapo nataka mimi." Bi Digidigi akafumba macho. Wanagombania, akawaza. Wanagombania nani aanze.

Akasikia purukushani, kishindo kimoja, puu, na mtu akiguna. Kisha pumzi nyingine mgongoni. Kisha hatua tena, na tena. Kwato, vumbi, pumzi juu ya pumzi. Wote tisa wamekuja, akasema moyoni. Sikudhani, mwanangu, majani ya chini unayoyafikia yako upande wa mashariki. Akafumbua macho akamtazama Kuro, na Kuro alikuwa ametoa macho, anatazama juu ya kichwa chake, mdomo wazi. Bi Digidigi akaona basi, imekwisha.

"Nahesabu," Mbuni akasema. "Hakuna kuhama."

Akaja mpaka kwenye mlolongo wa Kuro. Tok, akamdonoa Bi Digidigi kiunoni.

"Mmoja."

Bi Digidigi akangoja aseme, basi.

Tok. "Wawili."

Tok. "Watatu."

Akadhani masikio yanamdanganya. Fisi si mwanachama, hahesabiwi. Tok, wanne. Tok, watano. Sauti ya Mbuni ikawa inakwenda mbali, nyuma, nyuma kabisa. Tok, kumi na wawili. Tok, ishirini. Bi Digidigi alikuwa analia na hajui kama analia. Tok, thelathini. Tok.

"Thelathini na wanne," Mbuni akasema. "Kuro, thelathini na wanne."

Akaenda upande wa pili. Tok, tok, tok. "Nyati, kumi na tisa."

"Wengine wako wapi?" Nyati akauliza. Mbele yake walikuwa wamejipanga ndugu zake watano, wapana kama milango, na tangu asubuhi hakuwa ameona kitu nyuma ya mabega yao.

"Wako kule," Mbuni akamjibu.

Fisi hawakuaga. Yule mkubwa alichechemea.

Ndipo Bi Digidigi akageuka. Nyuma yake alikuwa Mama Pundamilia. Nyuma ya Mama Pundamilia, Ngiri. Nyuma ya Ngiri, shingo ya Twiga, na wengine, na wengine. Akakaa chini mbele ya kila mtu.

Baadaye walimweleza ilivyokuwa. Mama Pundamilia alikuwa mkiani, nyuma yake hakuna mtu. Alimwona yule Fisi mkubwa akimfuata katibu, akamwona katibu haondoki. Akakumbuka mwanawe. Akachomoka, akamwondoa Fisi kwa teke. Ngiri, aliyekuwa mbele yake, akahisi mgongo wake hauna tena pumzi ya mtu. Akachungulia, akaona, akafuata. Twiga naye akahisi baridi mgongoni. Hivyo hivyo, mmoja mmoja kutoka mkiani, na walio mbele hawakujua, maana nyuso zilikuwa mbele na mkuu wa askari alikuwa ameacha kazi yake kwenda kumtisha digidigi. Wale wanane waliobaki walikuwa wanacheka, wanamtazama digidigi, na walipozinduka waliovuka walikuwa wameshawazidi kwa wingi.

"Mbona hukuniambia tuko wengi hivi?" Mama Pundamilia akamuuliza. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Uliniapisha."

"Na Ngiri?"

"Naye aliniapisha. Na Twiga. Wote."

Wakatazamana, wakaona haya. Nyumba kwa nyumba, kila mmoja alikuwa ameficha kitu kile kile ambacho jirani yake alikuwa akikificha. Na hata ukihesabu sasa, kati ya wale arobaini, saba hawakuvuka uwanja. Bi Digidigi anawajua kwa majina. Walimwapisha, na hajawataja hadi leo.

Woga haukumtoka, msije mkadanganyana. Jioni hiyo jani lilidondoka, akaruka.

Basi wanangu, na nyie wa ukutani, mafunzo yake ni haya. Anayewatisha hana meno ya kuwala wote. Kazi yake ni kumfanya kila mmoja adhani yuko peke yake, na nyie mnamsaidia kila mnapokubaliana kwa kunong'ona. Ukikubali jambo, lisemee mahali jirani yako atakaposikia. Na siku ya kusimama ikifika, usingoje wa mbele yako wala wa nyuma yako, simama.

Hadithi yangu imetua hapo, mimi sina la kuongeza.