Tangawizi Chini ya Kufuli

Bei ya tangawizi ilipoanguka, tajiri Mbonea alibaki na ghala zima la tangawizi asijue pa kuipeleka. Akamwendea Namkunda, mpangaji wa kibanda chake sokoni. "Nipe mbuzi wako wa maziwa, uchukue magunia matatu ya tangawizi. Ukikataa, hama."

Namkunda akamtoa mbuzi huku roho ikimuuma. Kisha akayafunga magunia kwa mnyororo na kufuli kubwa, akayakalia. Kila aliyeuliza bei alijibiwa kwa kunong'onezwa, "Siuzi. Na tafadhali, habari hizi zisimfikie Bwana Mbonea."

Kabla ya adhuhuri Mbonea alifika mbio, jasho likimtiririka. "Nirudishie tangawizi yangu!"

"Siuzi, hata kwa mbuzi wangu."

"Mbuzi wako, na wangu wawili juu!"

Mbuzi watatu walipoletwa, Namkunda akaguna, akafuta chozi, akampa ufunguo. Mbonea akayakumbatia magunia. "Haya, sasa niambie. Umesikia nini? Bei inapanda lini?"

"Hata sijui, Bwana," alisema Namkunda, akiwaswaga mbuzi wake watatu. "Mimi nilikuwa najaribu kufuli tu."