Chungu cha Kiangi na Unga wa Senkondo

Hapana, Zefania, bibi yako hakukutukana. Amekuona unavyojaza kila kitu kwenye mfuko wako, sufuria, mchele, mahema, na dada yako Eliapenda umemwachia chupa ya maji tu, ndiyo akasema, "Chungu na unga havibebwi mgongo mmoja." Sasa mnaniuliza umetoka wapi msemo huo. Mimi shule niliikimbia la pili, lakini hili nalijua. Acheni kufunga mizigo kwanza. Mlima hauendi popote.

Msemo wenyewe chanzo chake ni posa. Zamani, huko juu kwenye vijiji vya mwisho kabla ya msitu, kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Charema. Ukoo wake ulikuwa na desturi yao: mwanamume akitaka kuoa binti yao, sharti apande mpaka kileleni pamoja na kaka wa binti. Siyo hiki kilima mnachokiona hapa. Kilele chenyewe kiko nyuma ya vilima vitatu, siku nne kwenda na kurudi. Kule kuna rundo la mawe, kila bwana harusi wa ukoo ameweka lake. Wakirudi, kaka anasimama mbele ya baba yake anasema, "Nimefika naye." Maneno mawili tu. Asiposema, hakuna harusi.

Binti yake aliitwa Nakijwa. Aliyemposa alikuwa Senkondo, mchukuzi wa vitunguu. Miguu ya Senkondo, nyie! Alikuwa anavusha gunia upande wa pili wa mlima na kurudi, wenzake hawajafika nusu ya njia. Na kaka wa Nakijwa ni Kiangi, ambaye alianguka mtini utotoni, mguu wake mmoja ukavunjika, ukaunga vibaya. Alitembea, ila taratibu.

Senkondo alimpenda sana Nakijwa, hilo msilitilie shaka. Akaipanga safari peke yake, wiki nzima. Akatia kwenye tenga moja chungu, unga, maharage, kiberiti, mablanketi mawili na jiwe lake la kuweka kileleni. Akajitwika. Watu wakamsifu kweli. Akamwambia Kiangi, "Shemeji, wewe tembea tu na fimbo yako. Usibebe hata chumvi."

Sasa sikilizeni kosa lake, maana halikuwa kosa la ubaya. Siku ya pili, mchana, akamwona shemeji yake anahema. Akamwonea huruma. Akasema, "Ngoja nitangulie kwenye lile pango wanakolala wasafiri, niwashe moto. Ukifika utakuta ugali tayari." Akaenda. Na kweli alipika. Alipika vizuri, akakaa anangoja. Ukungu ukashuka ukafunika njia yote, hata mkono wako huuoni. Akatoka akaita, akaita, sauti ikamezwa.

Kesho yake ndipo alipomkuta Kiangi amejikunja chini ya mwamba, midomo imekauka, vidole havikunjiki. Hana blanketi wala kiberiti, hana hata punje ya kutafuna. Vyote vilikuwa pangoni na Senkondo. Akambeba mgongoni huku analia, akashuka naye mpaka nyumbani. Kileleni hawakufika.

Mzee Charema alimtazama mwanawe pale kitandani, akamgeukia Senkondo.

"Ulimwacha."

"Baba, nilitangulia kumpikia."

"Ulitangulia kwa sababu hukuwa na haja naye," mzee akasema. "Kila kitu ulikuwa nacho wewe. Binti yangu nikikupa, na yeye utamwacha nyuma, unampikia."

Akakataa posa. Senkondo alitoka pale ameinama kama amebeba magunia kumi.

Mwezi ukapita, Kiangi akapona. Nakijwa hakuwa mtu wa kujificha akalia. Akamwendea baba yake, akapiga magoti. "Baba, waende tena, mara moja tu. Safari hii mizigo nitaifunga mimi."

Mzee akasema, "Mara moja. Na Kiangi asiporudi mzima, jina la huyo kijana lisitajwe tena hapa."

Asubuhi ya safari, Nakijwa akawaita wote wawili uani. Unga wote akampa Senkondo. Chungu, kile cha udongo, akakiweka kichwani kwa Kiangi juu ya ngata. Maharage kwa Senkondo, kiberiti mfukoni kwa Kiangi. Blanketi akatoa moja tu, kubwa, akamtupia Senkondo.

Senkondo akashtuka. "Nakijwa, unambebesha mtu aliyetoka kuugua juzi?"

"Chungu hakimzidi nguvu."

"Mimi naweza kubeba vyote!"

"Najua unaweza," Nakijwa akasema. "Ndiyo shida yako. Haya, tangulia na unga wako, tuone utaupikia wapi."

Kiangi akacheka mpaka chungu kikatikisika. "Dada, polepole na mwenzio! Ila nikwambie, shemeji, toka nianguke mtini humu ndani wananishika kama yai. Leo ndiyo mara ya kwanza napewa kitu ambacho nikikivunja watu watalala njaa." Akakishika vizuri kwa mkono mmoja. Nawaambia, alisimama kwa namna ambayo mama yake alikuwa hajaiona siku nyingi.

Wakaondoka. Miguu ni miguu jamani, mpaka mchana Senkondo alishajisahau, yuko mbele peke yake. Njaa ikamshika. Anafungua mzigo: unga. Anafungua mwingine: maharage makavu. Akajaribu kulamba unga mkavu, ukamkaba, akakohoa hadi machozi. Kiangi akatokea na chungu chake, anapiga mluzi.

"Shemeji, mbona mweupe hivyo? Umekuwa mzimu?"

"Lete chungu, acha maneno."

"Sema tafadhali kwanza."

"Tafadhali, shemeji."

Tangu hapo Senkondo akakaa nyuma. Kiangi ndiye akawa anaongoza, na mtu anayetembea taratibu huona mengi. Alisikia maji yanayopita chini ya mawe, pale ambapo Senkondo alishapita mara mia na kiu yake. Siku ya pili ukungu ukashuka tena, mzito kuliko ule wa kwanza. Hakuna aliyetangulia kokote. Walikaa chini bega kwa bega, blanketi moja wamejifunika wote, wakangoja siku nzima, Kiangi anasimulia Nakijwa alivyokuwa mkorofi utotoni. Ukungu ulipoondoka wakapanda, wakafika, jiwe likawekwa.

Huku nyumbani siku ya nne ilikwisha bila mtu. Siku ya tano Nakijwa alikaa njiani toka asubuhi. Mama yake alipika, chakula kikapoa, akapasha, kikapoa tena. Mzee Charema alikataa kusogelea mkeka. Kila akiambiwa ale, anasema ameshiba, na wote wanajua hajatia kitu mdomoni tangu jana.

Jua linaelekea kushuka, Nakijwa akapiga kelele. Wanakuja! Wawili, njia ni nyembamba lakini wanalazimisha kutembea sambamba, huyu anasukumwa na majani huku, yule kule.

Mzee akatoka. Akamtazama Kiangi miguu hadi kichwa. "Nani alikuwa mbele?"

"Baba, hakukuwa na mbele," Kiangi akasema. "Tulikuwa na njaa moja." Halafu akasimama wima. "Nimefika naye."

Senkondo hakuwa na haki ya kusema chochote, desturi haikumpa. Lakini akasema, machozi yanamtoka, "Na mimi, baba. Nimefika naye."

Mzee Charema alimsogelea Senkondo. Alimshika mkono akamwingiza ndani, akajisogeza kwenye mkeka kumpisha nafasi, pale ambapo hukaa wanawe. Mama akapasha chakula mara ya tatu. Nakijwa akawanawisha mikono, wa kwanza kaka yake, kisha Senkondo, na kwa Senkondo maji yalichelewa kidogo kwisha.

Hapo ndipo mzee aliposema neno hili, na wote wakalisikia: "Chungu na unga havibebwi mgongo mmoja."

Akamega tonge la kwanza, na wote wakala.