Kidani cha Resiato

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitika kwa sauti ya mbu? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana majerikeni ya plastiki yalikwisha kufika, palikuwa na msichana aitwaye Resiato. Katika nchi yake, bi harusi hatoki kwao bila kidani alichotungiwa na mama yake. Mama yake Resiato alikuwa akimtungia cha shanga za maganda ya mayai ya mbuni na mbegu nyeusi, akafariki kidani kikiwa nusu. Resiato akalia, akalia, akalia. Kisha akafuta machozi, akakiweka mapajani, akaendelea pale pale mama alipoachia.

Lakini mbuni walikuwa wamehama, maganda hayapatikani. Resiato akaangaza macho nyumbani. Akaona jerikeni jekundu lililopasuka, akalikata vipande vidogo vidogo. Akaona sufuria iliyotoboka, akaikata nayo, akaisugua kwenye jiwe mpaka ikang'aa. Akatunga, akatunga, akatunga. Kidani kikakamilika, nami nasema kilipendeza. Asiyekubali aondoke hapa motoni!

Sasa Kunguru, yule mwenye ukosi mweupe, alikuwa amejifanya mkaguzi wa mapambo ya watu. Nani alimteua? Hakuna. Akaja akatua juu ya paa.

"Resiato! Jerikeni si jambo la jadi. Fumua!"

"Sifumui!"

"Yabaki maganda na mbegu tu. Fumua!"

"Sifumui! Kwanza shuka hapo, unachafua paa."

Siku ya harusi Resiato akashika njia kwenda kwa kina Lekishon, kijana aliyempenda kwa moyo wote. Kunguru akatangulia. Resiato alipofika langoni, Kunguru alikuwa ameshamjaza mama mkwe maneno. Wageni wote walikuwa wakikikodolea macho kidani.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "usilitie aibu boma langu. Nitakupa shanga nyingine. Hizo za jerikeni na sufuria, fumua."

Akamtazama Lekishon. Lekishon akatazama chini. Mwanamume mzima! Basi Resiato akajibu mwenyewe.

"Mama, nakuheshimu, ila sifumui. Uzi huu ni mmoja. Mama yangu aliulowesha ncha kwa mate kabla ya kila ushanga, na mate ya mzazi kwetu ndiyo baraka. Nami nikaulowesha kwa yangu. Nikiukata ili nitoe jerikeni, nakata na baraka za mama. Alikufa, nifanyeje? Nijifanye alimaliza? Pale maganda yanapokoma ndipo alipokufa, na pale wekundu unapoanza ndipo nilipokataa kuacha. Nipokeeni hivi hivi, au narudi nyumbani nacho."

Hakuna aliyempisha langoni. Resiato akageuka, akashika njia ya kwao, machozi yanamtiririka. Alimpenda Lekishon, lakini hakupunguza mwendo.

"Simama wewe!"

Alikuwa mama mkwe, anakuja mbio na shuka inamwanguka. Akamfikia. Akavua shingoni ufunguo wa kasha lake, akaishika ncha ya uzi iliyokuwa ikining'inia, akailowesha kwa ulimi wake mwenyewe, akautunga ule ufunguo, akakaza fundo.

Kunguru akaruka juu, akaruka chini. "Ufunguo! Tangu lini ufunguo ukawa jambo la jadi?"

"Tangu leo," akasema mama mkwe, kisha akapaza sauti kuelekea langoni. "Nawe Lekishon, inua uso umpokee mkeo."

Resiato akarudi, akaingia bomani kichwa juu, vipande vya sufuria na ufunguo vikigongana kifuani, wageni wote wakimpisha.

Hadithi yangu imeishia hapo, na sipunguzi hata neno.